Hodi ya Mnarani

Ngazi ya mnara ilikuwa moja tu, na Mama Ndoo alikuwa ameikalia. Ndiyo maana alishtuka kumsikia mumewe huko juu akisema kwa uchangamfu, "Karibu! Karibu ndani."

Kwanza alidhani anaongea na simu. Kisha akakumbuka kwamba simu ya mumewe iko kwenye mfuko wa aproni yake yeye, imelala na kipande cha sabuni.

"Wewe! Unamkaribisha nani?"

Mumewe akachungulia kutoka juu, nyaya zimemning'inia shingoni. "Huyo aliyepiga hodi."

"Nani kapiga hodi?"

"Sasa nitamjuaje, na mimi nimeelekea ukutani? Hajapita hapo?"

"Apite wapi, utosini kwangu?"

Wakacheka. Ndivyo walivyo watu waliokaa pamoja muda mrefu, hata balaa lao huanza kwa utani. Lakini kicheko cha Mama Ndoo kilikatika mapema, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa wafagizi wa jumba la jiji, na wafagizi wa jumba lile walikuwa na sharti lisiloandikwa popote: ukipanda mnarani ukasikia hodi, usiitikie. Fagia, shuka. Yeye mwenyewe aliwahi kuisikia, hodi ya upole kabisa, ya mgeni mwenye heshima zake, ikitoka pale ilipo kengele, na kila mara aliuma midomo akashuka na ufagio wake. Asubuhi ile alikuwa amemwonya mumewe. Mumewe akajibu, haya nimesikia, mke wangu na mashetani yako. Tatizo ni kwamba alilelewa na shangazi yake, mwanamke aliyefundisha adabu kwa mwiko, na mtu aliyelelewa hivyo, hodi ikipigwa, mdomo wake hauombi ruhusa.

Mume huyo watu walimwita Spika. Ndiye aliyezunguka na gari la jiji lenye vipaza sauti kwenye paa, akitangaza maji yatakatika wapi, chanjo itatolewa lini, nyumba zipi zimewekwa alama ya kubomolewa. Alikuwa na sauti, jamani! Nzito bila kukwaruza, tamu bila kujipendekeza. Walisema Spika akikutangazia kwamba nyumba yako inabomolewa, unasema ahsante kwanza ndipo unalia. Hata Mama Ndoo aliolewa na sauti hiyo. Alikuwa msichana anadeki ngazi za mbele za jumba, gari likapita, na kipaza sauti kikasema uwanja mzima unasikia, "Dada mwenye ndoo ya bluu, ngazi zimeshatakata, zihurumie." Uso wa msemaji haukuwa wa kumgeuza mtu shingo, na mwenyewe alijua. Sauti ndiyo iliyoposa.

Mnarani alipelekwa na Mkurugenzi wa jiji. Jumba lilikuwa linakaribia maadhimisho yake, wageni wakubwa wanakuja, na kengele ya shaba ambayo jiji liliichapa kwenye kila kalenda na kila kikombe ilikuwa bubu. Haikuwa na ulimi, ile nyundo ya ndani inayoigonga. Ilikuwa imeng'olewa zamani hata hakuna aliyejua ni nani aliyeing'oa. Basi Mkurugenzi akaamua vipaza sauti vifichwe nyuma ya kengele, ichezwe sauti ya kengele nyingine iliyorekodiwa mbali huko, wageni watikise vichwa waseme ala, kumbe bado inalia! Uongo mdogo wa kiserikali. Spika akapewa bisibisi na nyaya, akaambiwa panda.

Walipokaa mchana kula katika chumba cha wafagizi, vijiko vilianza kutetemeka ndani ya vikombe. Si sana, kama vile lori linapita barabarani. Mama Ndoo akatazama dirishani, hakuna lori. Spika alikuwa anakula zake, na kila alipomeza, vijiko vilitulia. Kila alipovuta pumzi, vikaanza tena.

"Unasikia harufu?" mke akauliza.

"Harufu gani?"

"Ya sufuria iliyosahauliwa jikoni mpaka maji yakaisha."

"Labda ni mapishi yako ya juzi," Spika akasema, na mkewe akampiga na kitambaa cha mezani.

Lakini harufu ile ilirudi nao nyumbani. Ikalala kwenye mto, ikakaa kwenye mashati hata baada ya kufuliwa. Spika akijinyoosha baada ya kazi, kifuani mwake kulitoka mvumo mwembamba usiokatika, ule unaobaki hewani baada ya kitu cha chuma kugongwa, na mkewe aliyekuwa amezoea kuegemea kifua kile akasogea pembeni kidogo. Alijilaumu kwa kusogea, lakini hakurudi.

Siku iliyoharibu kila kitu, Mama Ndoo alikuwa anadeki ngazi za mbele. Gari la matangazo likaingia uwanjani, na sauti ya mumewe ikamwagika: "Ndugu wananchi, mnaarifiwa kwamba kesho huduma ya maji..." Ikakatika. Kisha vipaza sauti vile vile vikatoa sauti ya kikongwe: "Nirudishieni sinia langu." Watu wakageuka. Ikafuata sauti ya msichana: "Kinu cha mama yangu, mlisema mnakiazima tu." Na nyingine, na nyingine, zote za kike, zikipandiana. Vijana wa pale uwanjani wakaangua kicheko, ee Spika leo kapiga chupa, mpaka walipoona kwamba bibi mmoja muuza karanga amekaa chini, amefunika uso kwa upande wa kanga, analia kwa mtikisiko kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

Dereva aliruka kutoka garini akamfuata Mama Ndoo pale ngazini. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Mama, njoo umchukue mzee wako," akanong'ona. "Mimi nina watoto."

"Kwani amefanya nini? Kizime hicho kipaza sauti!"

"Nimeshakizima, Mama. Nimeng'oa na waya." Akafungua kiganja, waya ulikuwa mkononi mwake. "Na yeye mwenyewe mdomo ameufumba."

Mama Ndoo akaenda. Spika alikuwa ameketi kwenye kiti chake, mikono magotini, macho yamejaa maji, na alipomwona mkewe akajaribu kutabasamu. Midomo ilipoachana, mkewe akauona ulimi. Ulikuwa umeota ukungu wa kijani, ile kutu ya shaba iliyokaa kwenye unyevu.

Hapo ndipo alipoitwa shangazi. Shangazi alikuwa mshona mapazia, na kutoa majini ilikuwa kazi yake ya pembeni, kama wengine wanavyofuga kuku. Alifika mchana na mkoba wake wa ubani, akamtazama mwanawe wa kumlea, akasonya.

"Nilikufundisha uitikie hodi," akasema, "sikukufundisha uitikie hodi zote." Kisha akageuza uso ili wasimwone anajifuta macho.

Wakafunga madirisha, wakashusha pazia. Nje mvua ilikuwa imeanza. Shangazi akawasha ubani, akamkalisha Spika kwenye mkeka, akamfunika shuka nyeupe, akauliza kwa sauti ya chini aliyoitumia kwa wateja wakubwa: "Nani aliyekaa kwenye kiti hiki, mwili wa mwanangu? Sema, tusikilizane. Hapa hatupigani na mtu."

Matone ya mvua kwenye bati. Halafu ule mvumo wa kifuani ukaanza kupanda, ukapanda taratibu, ukaingia kwenye masufuria yaliyokuwa yametundikwa jikoni yakaanza kuimba, ukaingia kwenye komeo la mlango, kwenye pete ya ndoa ya Mama Ndoo iliyopata moto mpaka akaivua na kuitupa, kwenye meno yake yeye mwenyewe ambayo aliyahisi yanacheza katika ufizi, na harufu ya sufuria iliyoungua ikakaba chumba hata ubani ukawa haunuki tena, na chini ya shuka ile nyeupe kichwa cha mume wake kikaanza kuyumba huku na huku, huku na huku, kwa mwendo ule ule mmoja, kama kitu kilichoning'inizwa, naye akatamani kupiga kelele lakini akaona aibu kupiga kelele mbele ya mama mkwe.

"Mmenikaribisha," sauti ikasema. Ilikuwa ya Spika, lakini imepoa. "Ahsanteni."

"Wewe ni wa wapi?" shangazi akauliza.

"Wa bakuli. Nilikaa katika bakuli la shaba la mwanamke mmoja mganga, sisumbui mtu. Nilimwambia mgonjwa yupi atapona, naye alinifukizia. Hata siku moja hatukutoleana sauti. Akaja Meya wa kwanza wa mji huu. Amejenga jumba, anataka kengele isikike hadi mwisho wa mji, na shaba hana. Akatuma askari nyumba kwa nyumba. Masinia, mabirika, vinu, bangili za maiti. Wakasema, tunaazima. Bibi yangu alilikumbatia bakuli. Walimvunja vidole kimoja kimoja mpaka akaliachia. Alilia mlangoni pa tanuru kutwa nzima, na shaba ilipomiminwa, kilio chake kikaingia humo pamoja na mimi."

Mama Ndoo alikuwa ametafuta mkono wa shangazi akaushika bila kujua.

"Siku ya kwanza kengele ilipopigwa, haikulia kengele. Walilia wanawake, kwa majina, kila mmoja na kitu chake. Meya akaziba masikio. Usiku huo wakaning'oa ulimi, wakaandika ukutani, zawadi ya wananchi kwa jiji lao. Sasa nimepata ulimi mwingine."

"Huo una mwenyewe," shangazi akasema.

"Basi ivunjeni kengele. Shaba irudi majumbani, hata kipande kama ukucha kwa kila nyumba, tutawanyike twende zetu. Hilo hamliwezi? Nirudisheni kule juu. Nitaenda, lakini nitaenda na nilichokaribishiwa, sauti hii. Hilo pia hamliwezi? Nitakaa humu humu, na kiti kitaoza. Chagueni, mimi sina haraka."

Mama Ndoo hakungoja mvua ikatike. Aliingia ofisi ya Mkurugenzi na maji yakimchuruzika, akasimama juu ya zulia alilolisafisha yeye mwenyewe asubuhi, akaeleza kila kitu. Mkurugenzi hakucheka. Alimvutia kiti, akamwagizia chai, na huo upole ndio uliomtisha.

"Mama, mimi nakuamini," akasema. "Usione nimevaa suti. Hata mimi hapo mnarani sipandi."

"Basi ivunje, baba. Nakupigia magoti."

"Simama, simama. Niivunje vipi, wageni wameshaalikwa? Kengele ile ni historia ya jiji."

"Na mume wangu?"

"Mume wako ni kibarua," akasema kwa huruma kabisa, kama daktari anayetaja ugonjwa. Kisha akainama mbele, akashusha sauti. "Hebu niambie. Huyo bwana akirudi kule juu na hiyo sauti... kengele italia?"

Mama Ndoo akamtazama. Ndani ya mtu huyu hapakuwa na ubaya hata chembe, angeweza kuapa. Palikuwa na sherehe tu.

"Sijui," akasema.

"Basi mrudisheni," akasema Mkurugenzi. "Kunywa chai, itapoa."

Kurudi nyumbani akamkuta Spika ameamka, sauti imebaki kidogo, na ule ukungu umefika kwenye fizi. Walikaa kitandani. Mkewe akampa habari za Mkurugenzi bila kupunguza neno.

"Kibarua," Spika akarudia, akacheka mpaka akakohoa. "Miaka yote hii nimemsemea mbele ya mji mzima."

"Tumwache akae humo," mkewe akanong'ona. "Shangazi atampooza na ubani. Tutaishi naye."

"Nami nioze? Mke wangu, wewe huwezi hata kulala na panya chumba kimoja." Akamshika mkono. "Nitabaki mimi. Sauti ni kitu cha mdomoni tu. Au wewe uliolewa na mdomo?"

"Nyoo! Mdomo gani huo," akasema, na wote wawili wakajua kwamba amejibu upesi mno.

Walipanda mnarani mchana, jua likiwa katikati, shangazi mbele. Kule juu ya ngazi kengele ilikuwa kubwa kuliko Mama Ndoo alivyoikumbuka, nyeusi kwa ndani kama koo, na Spika akaambiwa aingize kichwa chini yake na aseme kwa hiari yake, chukua. Alimtazama mkewe. Alikuwa ameahidi kusema jambo la mwisho la maana, lakini woga ulimfanya aseme, "Nishikie kofia." Kisha akainama, akasema neno lile, na mvumo ukatoka kifuani mwake ukapita kooni mwake ukaingia ndani ya shaba, na mnara mzima, matofali na mbao na njiwa walioruka kwa fujo, ukatetemeka kwa mlio mmoja mrefu mtamu uliozunguka juu ya mapaa, na watu chini wakasimama na mizigo yao, wakatazama juu, wakasema jamani, kumbe inalia. Spika akajitoa chini ya kengele akiwa ameshika shingo. Alifungua mdomo. Ulimi ulikuwa mwekundu, mzima, mzuri. Haukutoa hata pumzi yenye sauti.

Shangazi akasema kazi imekwisha, akaenda kushona mapazia yake, na hakupokea ujira.

Spika akapona. Hata akanenepa, akarudi kazini kuosha lile gari alilokuwa akitangaza ndani yake, na gari likapewa kijana mwenye sauti kama ya bata. Nyumbani akajifunza kuongea kwa vidole na nyusi. Aligonga meza akitaka chumvi. Alimgusa mkewe bega akitaka kumchekesha, akaigiza Mkurugenzi anavyotembea, na mkewe alicheka, mwanzoni. Usiku akamlalia kifuani akasubiri, na kifua kikawa kimya, cha mtu mnene tu anayepumua. Tuseme ukweli, kwani kuna wa kumwogopa hapa? Alianza kumchukia kidogo. Alijiona mshenzi, akamwongezea nyama kwenye sahani ili asijione mshenzi, na bado akamchukia.

Kengele sasa ililia yenyewe kila mchana. Mji ukapanga saa zake kwayo. Mkurugenzi alivitoa vile vipaza sauti vya uongo, akavirudisha stoo. Watu wote walisikia kengele. Mama Ndoo, akiwa kwenye ngazi ya mnara na ufagio, alimsikia mumewe akisema, "Mke wangu. Umekula?"

Siku ya kwanza alishuka akikimbia. Ya pili alishuka akitembea. Baadaye akawa anapanda na chakula chake, anaketi mgongo ukiwa ukutani, anasikiliza. Hakuitikia hata mara moja. Alijiambia, anayeitikia ndiye anayepatikana, mimi nasikiliza tu, kwani kusikiliza kuna dhambi gani? Na sauti ilizungumza naye kwa yale ya zamani, utani ule ule, ikimwuliza magoti yanamuuma wapi leo, ikimsifia hata kwa mambo ambayo mumewe hakuwahi kuyaona. Chini, katika chumba cha wafagizi, Spika alikaa na sahani mbili, moja imefunikwa. Aliisikia kengele na yeye. Na nani angeitambua sauti ile kuliko yeye? Alipomshika mkewe mkono jioni akatikisa kichwa, hapana, hapana, mkewe alisema, "Sijui unataka nini. Sema," na papo hapo akafunika mdomo kwa aibu.

Siku ya maadhimisho uwanja ulijaa. Mahema, viti vyenye vitambaa vyeupe, suti kwa suti. Mama Ndoo alikuwa na funguo zote za jumba. Aliingia mnarani akafunga komeo kwa ndani, ili apate nafasi nzuri, alijiambia. Alipofika juu akasikia mlango wa chini unagongwa kwa ngumi, mapigo ya mtu asiye na njia nyingine ya kuita, kisha sauti za askari, "Mzee, toka hapo, wageni wameshaketi," na ngumi zikaisha.

Mkurugenzi akasimama kwenye jukwaa, akazungumzia zawadi ya wananchi kwa jiji lao. Akainua mkono kuelekea mnarani.

Kengele ikalia. Umati ukatoa aah moja. Lakini pale juu, karibu na sikio lake, kwa sauti iliyomposa, Mama Ndoo aliulizwa: "Mbona hunijibu, mke wangu? Nimekukosea nini?"

Akasogea dirishani ili asijibu. Akamwona mumewe. Alikuwa katikati ya uwanja, mbele ya viti vya wageni, amekunja uso wote, mashavu yamelowa, na mikono ameinyanyua juu ya kichwa anapiga makofi kwa nguvu zake zote, pa! pa! pa!, kama mtu anavyomwita mwenzake aliye ng'ambo ya mto. Anamtazama yeye. Anamwita yeye. Mama Ndoo alielewa, akageuka, akaweka mguu kwenye ngazi.

Bwana mmoja mwenye suti, aliyeketi karibu na Spika, akamwona anavyopiga makofi kwa machozi, akaguswa moyo. Akasimama akapiga na yeye. Mkewe akafuata, kisha safu yao, kisha jukwaa, kisha Mkurugenzi, kisha uwanja wote ukasimama ukaipigia kengele makofi mpaka njiwa wakaondoka juu ya mapaa. Mama Ndoo akasimama pale kwenye ngazi akatega sikio, akijaribu kuyachambua makofi ya mume wake katika yale maelfu, na hakuyapata.

"Niko hapa," sauti ikasema nyuma yake, karibu kabisa. "Uko wapi wewe?"

"Nipo," akasema Mama Ndoo. "Nipo, mume wangu."